Aliyeshika Kalamu ya Ombi

Kambini, karibu na Boito
Jumapili baada ya kanisa, mwezi wa sita
Miezi minane na siku kadhaa tangu nitoke nyumbani

Mama Brenda,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na watoto na mama. Goti lake linasemaje na baridi hii? Ng'ombe amezaa au bado mnangoja? Mimi mwili ni mzima ila moyo hautulii, na siku hizi hapa tunaogopa hata simu zetu. Ndiyo maana barua hii inabebwa na Mama Rispa, jirani ninayechuna naye, anayekuja huko kesho alfajiri kwa matanga. Isome peke yako kwanza.

Mashine za kuchuna majani ya chai zimeongezwa. Moja inashikwa na watu wawili tu, na jioni wamemaliza sehemu ambayo laini yetu nzima ya wachunaji ingechuna. Akina mama wengi waliambiwa wakae nyumbani wangoje kuitwa. Hawajaitwa. Basi tukaamua kuandika ombi warudishwe kazini.

Aliyetuongoza ni Mwalimu Koech, mzee mstaafu mwenye chai yake kidogo ng'ambo ya mto, tunasali naye. Alifundisha historia. Akasema tuanze kwa meneja, akinyamaza ndipo twende serikali ya kaunti, kwa sababu kaunti itauliza kama tulianza kwake. Kisha akatueleza mambo ya Uingereza ya zamani, enzi za wafalme wao. Mtu mdogo aliruhusiwa kumwomba mfalme, lakini ajiite mtumishi wake maskini, na ilifika wakati watu zaidi ya kumi wakipeleka ombi pamoja sheria iliita hiyo fujo. Mabaharia wao wakabuni ujanja: majina yaandikwe kwa duara, asijulikane aliyetangulia.

"Sasa Mwalimu, sisi tunaomba tukipiga magoti ama tukisimama?" Mama Rispa akauliza.

"Mketi tu, muandike vizuri. Lakini mjue, kule wakimkosa wa kwanza, walimtafuta aliyeshika kalamu."

Tukacheka. Kalamu nilikuwa nimeishika mimi.

Duara tulilichora kwa sahani, majina yakazunguka, tukaliacha dirishani pa ofisi karani akiwa ameenda chai. Wiki nzima kimya. Alhamisi tukaitwa kuchukua aproni mpya za mvua, zile tulizolilia tangu mwaka jana. Watu wakapiga vigelegele. Mezani kulikuwa na kitabu, na kila anayejua kuandika aliambiwa asitie sahihi tu, aandike mstari mzima: "Nimepokea aproni moja mpya, haina tundu." Nikajua wanatafuta mwandiko wa lile ombi. Ilipofika zamu yangu niliandika vibaya makusudi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kumbe wewe hukusoma," nyapara akaniambia.

Zakayo wetu wa huko nyumbani alikuwa nyuma yangu, hakufikiria. Aliandika mwandiko wake. Na wewe unajua mwandiko wa Zakayo ni wangu pia. Sote wawili baba yako alitufundisha shuleni kwa kiboko, ile g ya mkia unaopanda juu na t iliyokatwa kwa mteremko. Katika kambi hii hakuna mwingine anayeandika hivyo.

Ijumaa akaitwa. Ameambiwa kesho saa mbili arudi ofisini na ufunguo wa nyumba. Ufunguo hauitwi bure hapa. Mtu wa mwisho kuitwa na ufunguo wake, vyombo vyake vilikuwa barabarani kabla ya saa sita, na hakuna shamba la jirani lililomwandika tena.

Jana nilikwenda kwake. Alikuwa anafunga sufuria kwa kamba.

"Baba mkwe wako ametuponza," akasema, akicheka.

"Kwani hukuwaambia si wewe?"

"Niliwaambia. Wakauliza, kama si wewe ni nani?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema mwandiko si chapa ya ng'ombe." Kisha akaacha kucheka. "Jafeth, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Sitakutaja. Lakini usikae hapa kunisaidia kufunga."

Mama Brenda, usidhani mumeo ni jasiri. Siku mbili nimetafuta njia ya kunyamaza, na kila nikikupigia hesabu wewe na watoto naipata. Lakini leo mke wake alinipa mkono kanisani, akaniuliza habari zenu kama kawaida. Hajui aliyeandika ni mimi. Nimeshindwa kunyamaza.

Kesho saa moja nitakuwa mlangoni pa ofisi kabla ya Zakayo, niombe karatasi niandike mbele yao, waone mwandiko ule ni wangu. Naogopa watatufukuza sote. Tena leo, baada ya ibada, gari la polisi lilikuwa limeegeshwa kwa meneja, na nyapara anatembea akisema neno uchochezi. Ombi lenyewe silijutii. Hatukumtukana mtu.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetulindia boma, na shangazi wa kule kisimani. Baba yako mpe salamu tu, mambo ya mwandiko usimwambie, asije akajilaumu.

Nilikuahidi Desemba. Sasa nitegemee Jumatano jioni. Jumatano ikipita sijafika wala sijapiga simu, kaka aje huku, na asianzie kambini. Aanzie kituo cha polisi.

Ni mimi mumeo,
Jafeth