Mama na Kamera Isiyosikia

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini sijui njia nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe. Nimekaa barazani kwako hapa Maisaka, Babati. Kesho narudi Dodoma, na kabla sijafunga huu mlango nina neno nataka nikuambie.

Unakumbuka kuku wako walivyoibiwa? Ulitupigia simu asubuhi, mimi Dodoma, kaka Daudi Arusha, ukatupa habari kwa sauti ya msiba: banda limevunjwa, hajabaki hata jogoo. Daudi akasema uhame ukakae kwake. Ukamwambia nyumba hii mliijenga na Baba mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, Maisaka yenyewe mashamba na vichaka, leo utoke kwa sababu ya wezi wa kuku? "Nikiondoka si nitakuwa nimewaachia na nyumba?" Hapo tukajua hatukuwezi. Tukakubaliana tufunge kamera.

Nilikuja tukaenda wote mjini kuzichagua, umevaa gauni lako la kanisani utadhani tunakwenda kwenye posa. Muuzaji akatutolea za kila namna: zinazozunguka, zinazoona gizani, za sola ili umeme ukikatika zisizime. Akaisifia moja kwamba inanasa hata sauti, mtu akiwa Dodoma anasikia kila neno la Babati. Ukaisukuma pembeni.

"Hiyo hapana, mwanangu. Waone, lakini wasisikie. Mimi na Mama Naomi tutasengenya wapi?"

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kabati. Tukachukua mbili za sola zisizosikia, moja ya getini, moja ya uwanjani.

Fundi alipopanda ngazi ulimsimamia kama vile kazi ile umeisomea. "Shusha kidogo, baba. Hapo inaona choo." Akashusha. "Bado. Choo changu kikae na siri yake." Mama Naomi, jirani yako wa miaka yote, alikuwa amesimama kwenye uzio anajishika mbavu. "Mama Daudi, sasa utaanza kupaka poda ukitaka kufagia!" Ukamwambia anyamaze, kamera isije ikamnasa na meno yake. Nilirudi Dodoma nina furaha. Nilikuwa na mama yangu kwenye simu, nikifungua tu namwona.

Asubuhi iliyofuata nikakuona unafagia. Ukasimama chini ya kamera, mkono kiunoni, ukaiangalia. Ukangoja. Ukaondoka umenuna. Baadaye simu yangu ikaita.

"Rebe, uliniona asubuhi?"

"Nilikuona, Mama."

"Mbona hukuniamkia? Nimefagia uwanja mzima unanitazama, umenyamaza kimya! Anayemwangalia mtu bila kumsalimia ana nini moyoni?"

Nilikueleza kwamba kamera haina mdomo. Ukasema kamera haina, lakini mimi ninao. Ulikuwa na haki, Mama. Kwetu nani amewahi kumwona mkubwa akapita kimya? Tangu siku hiyo nikawa nikifungua simu na kukuona umetoka, nakupigia kwanza. Ulikuwa unapokea huku umeinua uso juu kwenye nguzo ya kamera, unaniangalia. "Marahaba. Haya sasa, niangalie upendavyo." Wenzangu ofisini walinitania kwamba nina mchumba Babati ninayempigia hodi kila kukicha.

Wezi hawakurudi. Nilichokuja kukiona kwenye ile kamera ni kingine kabisa.

Asubuhi ile ulitoka na ndoo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa mezani pangu, nikapiga, simu ikaita bila kupokelewa. Nikajua umeiacha ndani. Nikakuona umeweka ndoo chini, umeshika kifua. Ukatafuta ukuta kwa mkono, ukaukosa. Mama, nilikuona ukianguka. Nilikuwa Dodoma na wewe uko Maisaka, na kati yetu kulikuwa na kioo kidogo cha simu. Uchungu wa namna ile siutakii hata adui yangu.

Nilimpigia Mama Naomi, sijui hata nilisema nini. Nilimwona anaruka uzio, mtu mzima yule na magoti yake mabovu. Akapiga magoti kando yako. Nikaona midomo yako inatembea, unamwambia kitu, naye anainamisha sikio. Kisha akageuka akaiangalia kamera. Akavua kitenge alichojitanda, akakitandaza kwa mikono miwili, akakiinua juu.

Sikukuona tena. Niliona kitenge chekundu chenye maua ya njano mpaka bajaji ilipoingia. Nilipiga kelele ofisini kama kichaa, "Ondoka hapo! Niache nimwone mama yangu!" Nani angenisikia? Hukufika hospitali.

Msibani watu walinipa pole na kunisifu kwa zile kamera, kwamba bila kamera ungekutwa jioni. Niliitikia ahsante, moyo umefunga. Kila Mama Naomi alipopita na sufuria au na kuni nilimgeuzia mgongo. Nilimsalimia kwa sababu ni mkubwa tu. Moyoni nilikuwa nasema: huyu ndiye aliyenikatia mama yangu dakika za mwisho. Yeye alizipata zote, mimi akanipa kitambaa.

Jana tumeanua matanga. Wageni walipopungua, akaja akanikuta jikoni naosha masufuria.

"Mwanangu, una kitu na mimi. Kiseme, usikizike pamoja na mama yako."

Nikakisema chote, na ukali juu. Nilipomaliza, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Kwani hukujua alichoniambia?"

"Ningejuaje? Kamera haisikii."

"Aliniambia, 'Nikinge, Mama Naomi. Rebe ananiangalia. Asije akabaki na sura hii.' Nikamwambia tulia, bajaji inakuja. Akasema, 'Nikinge kwanza.' Nikasimama na kitenge, nikawa namsikia anahema nyuma yangu. Hata mimi sikumwona, Rebe. Nilikuwa nimekutazama wewe."

Mama, sufuria ilinitoka mkononi. Nililia mpaka yule mama akanishika kama mtoto, akanilaza mapajani pake, nikamlowesha gauni lake lote. Pumzi zinakuishia, umelala kwenye vumbi, na ulichokuwa unafikiria ni macho yangu. Hukuomba maji. Hukuomba hata uinuliwe. Ungenipa nafasi angalau nikuangalie tu, lakini ndivyo ulivyokuwa, huachi kulea hata unapokufa.

Nimemwomba Mama Naomi msamaha. Amesema hakuna cha kusamehe, na kwamba nisiache kumpigia. Hasira imekwisha, Mama. Imebaki kukulilia tu, na hilo sijui litaisha lini.

Pumzika kwa amani. Ulinikinga.

Binti yako,
Rebe