Keki ya Mkuu Telesphori

Theo, nimeharibu. Hata pilau sijaweza kula.

Si unajua leo tulikuwa tunamuaga Mkuu Telesphori chuoni Ushirombo, na MC ni mimi? Kufika kwenye kulishana keki, nikaita kwa mbwembwe: "Aje mwanafunzi wake wa kwanza wa kisomo cha watu wazima, 1983, Mama Epifania!"

Hakuja. Nikaita tena. Nikamfuata kwenye kiti, nikamvuta mkono, watu vigelegele!

Theo, ni mkwewe! Mama mzazi wa mkewe!

Mimi, Msukuma mzima, ninayejua mtu na mama mkwe wake hata kula pamoja ni mwiko, namkokota mama wa watu akalishwe keki mdomoni na mkwe wake! Mbele ya padri! Mama akajifunika khanga usoni, akatoka nje. Mkuu kabaki na kipande mkononi.

Mkewe akaninong'oneza: "Tulipooana mama alitaka kuacha kisomo kwa aibu. Akawa anakaa nje, chini ya dirisha. Telesphori anafundisha kwa sauti kubwa, kaligeuzia dirisha mgongo, mimi nampelekea mama kibao cha kuandikia. Mpaka akajua kusoma."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkuu hakunigombeza. Akaweka keki chini, akaenda dirishani, akaligeuzia mgongo, akatoa hotuba yake yote ya kuaga kwa sauti kubwa, bila maiki. Mwisho akauliza, "Mmesikia?"



Nje, chini ya dirisha, sauti ikajibu: "Tumesikia, mwalimu."