Kukanyaga Blanketi

Jumamosi jioni.

Eti woki, neno la Kiingereza la kutembea! Mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo, kaniambia leo kwamba zamani lilimaanisha kuviringika, na waliokanyaga nguo za sufu majini ndio walioitwa watembeaji.

"Babu, umesinzia?"

"Nisinzie? Mimi niliyetoka Hombolo mpaka Mvumi kwa miguu, siku moja, leo unifundishe kutembea?"

Sikumwambia kuwa nilimkumbuka marehemu bibi yake, bwawani Hombolo, akikanyaga blanketi letu huku kanishika bega asiteleze.

Neema alipoondoka nikaliloweka lile blanketi kwenye beseni, nikalikanyaga mwenyewe. Nguvu ninazo, mtaa huu hakuna mzee wa kunishinda. Ila niliteleza mara mbili. Sikuwa na bega la kushika.