Baba Mkwe Wangu Yumo Kitabuni, na Sasa Amegeuka Msaliti

Mpendwa mshauri Bibi Luciana, shikamoo. Naomba unisaidie upesi kabla wifi yangu hajafunga shule, maana akifika tu hapa nyumbani nitaumbuka.

Mimi nauza karanga pale kituoni Ihanja, mume wangu Damiani ni fundi pikipiki Utemini, Singida mjini, na anakuja Jumapili tu, kwa hiyo siku nyingi tupo mimi, binti yangu Jenifa na baba mkwe, ambaye mke wake alishafariki na macho yake yameingia ukungu. Baba huyu hakunitaka. Alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa rafiki yake wa Sepuka, basi tangu naolewa nikimwamkia anaitika marahaba huku anaangalia mbuzi, na akitaka kitu anamwambia Jenifa, "Mwambie huyo."

Sasa kwenye bunda la magazeti ya kufungia karanga nikakuta kitabu kinene, cha zamani, hakina jalada, hadithi ya Wazungu iliyotafsiriwa, na mimi tangu darasa la saba sijawahi kusoma kitabu kwa kupenda, nikaanza kukichana kama magazeti mengine, ila siku moja nikitaka kuchana karatasi jicho likaangukia mahali ndugu wawili wananing'inia kwenye kamba juu ya genge na kamba inakatika, nikasoma nijue kama wameanguka, nilipoinua kichwa basi limeshaondoka na mteja wangu bila karanga zake. Mshauri, sikujua kama kuna utamu wa namna hiyo! Nikawa nasonga ugali huku nasoma, nachagua mboga huku nasoma, nacheka peke yangu jikoni mpaka baba mkwe akauliza kutoka nje, "Huyo anacheka na nani?" Nikajibu kwa woga, nasoma, baba. Akasema, "Soma kwa sauti basi."

Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni, yeye kwenye kigoda nje, mimi ndani jikoni, ukuta katikati, tunafuata msafara wa hao ndugu wanaovuka milima ya barafu kwenda kumkomboa dada yao aliyefungwa ngomeni. Anauliza, "Huko kwenye barafu mbuzi wanakula nini?" Nacheka, na yeye anacheka. Kasheshe ni kwamba kiongozi wa msafara, shujaa kweli kweli, ana jina lile lile la baba mkwe wangu, na mimi nimelelewa kwamba mkamwana hamtaji baba mkwe jina, hata kuliandika hapa mkono unagoma. Siku nilipolifikia nilikohoa, nikasoma "Baba". Akauliza, "Baba gani tena?" Nikasema, "Mwenye jina lako, baba." Nje nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia. "Kumbe nami nimo!"

Tangu hapo Baba anaruka korongo, Baba anapigana na dubu, na mzee anasimulia mnadani kwamba milima ya barafu yeye ameshaivuka. Sasa ananiita Mama Jenifa. Mwezi uliopita alichinja kuku, na firigisi, ambayo ni yake yeye mwenye nyumba, hakuila, akamtuma mtoto, "Mpelekee msomaji wangu." Nililia jikoni, mshauri, na si kwa sababu ya moshi.

Juzi nikashindwa kusubiri jioni, nikatangulia kusoma mwenyewe. Huyo kiongozi amewauza wale ndugu kwa majambazi! Kawaacha wamefungwa kamba, kaondoka na farasi. Nilikifunga kitabu hapo hapo. Sasa nadanganya kwamba koo linauma, na mzee kaniletea chupa ya asali, kaifuata mwenyewe kwa mrina asali, kwa miguu, na macho yale! Nifanyeje? Nikibadilisha hadithi, wifi yangu Rebeka yuko kidato cha nne, atakisoma na atasema. Nichane kurasa hizo nifungie karanga? Niseme zimeliwa na mchwa? Nampenda sasa huyu mzee. Naogopa nikimsomea ataona nimemtukana, turudi kule kule kwa "mwambie huyo".

Mama Jenifa, Ihanja

JIBU

Marahaba, Mama Jenifa. Nimecheka mpaka miwani imeanguka, lakini ngoja nikugombeze kwanza. Kitabu chenye ladha hiyo umekifungia karanga? Kuna abiria wameshuka Singida na mwanzo wa hadithi mfukoni, umejaa chumvi, na wala hawajui walichobeba. Usichane tena hata ukurasa mmoja. Na mchwa waache, hawajakukosea.

Kubadilisha hadithi sahau kabisa. Mzee haoni vizuri lakini anasikia, na wewe kwa barua hii tu naona hujui kusema uongo, maana hata koo lako umeliumiza mpaka limeletewa asali. Siku akijua ulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ndipo atakapoona umemdharau. Mtu aliyezika mke, akafuga mbuzi miaka yote hiyo, unadhani ataangushwa na msaliti wa kwenye karatasi?

Lakini kosa lako kubwa ni jingine. Unasema kitabu ni kinene, halafu umekifunga pale mtu alipofanya baya. Kurasa zilizobaki ni nyingi au chache? Hukuniambia, kwa sababu hukutazama! Mwandishi gani anamtoa mtu kama huyo katikati ya safari, asimrudishe? Labda atarudi na farasi usiku wa hatari, labda atakufa msaliti, mimi sijui, na inaniuma kutojua. Wewe mwenyewe umeishi na mzee aliyekuitikia huku akiangalia mbuzi. Kama ungemfunga kwenye ukurasa ule, firigisi ingeliwa na nani?

Basi fanya hivi. Leo mwambie koo limepona. Mwambie na ukweli: "Baba, mbele mwenye jina lako anaharibu, nami sijafika mwisho, twende wote?" Kisha soma kama kilivyoandikwa, na ukilifikia jina siku hiyo usiseme Baba. Nyamaza, umwachie alitaje mwenyewe kutoka nje. Ni jina lake, atajua namna ya kulibeba, na wewe hutakuwa umevunja heshima ya mtu. Rebeka akija mpe kigoda, asikilize na yeye.

Na ile asali usithubutu kuirudisha kwa aibu. Kunywa na chai, sauti utaihitaji, kisha uniandikie kama yule mwenye farasi alirudi.

Bibi Luciana