Shokapu Ngumu, Lawama kwa Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mimi ndiye ambaye Njombe nzima huniomba msaada, maana kuanzia hapa hadi Makambako hakuna anayejua pikipiki kuliko Anko Lameki, na wazungu wa misheni walipoondoka waliniachia mimi ile pikipiki yao ya zamani ya mashindano ya kupanda mawe, nikapanda nayo mlima ambao hata mbuzi wanaukimbia.

Sasa shokapu za mbele zilikuwa zinazama nikishika breki, nikaipeleka Makambako kwa shemeji yangu Severini, fundi, kaka wa mke wangu Telesia, akaweka oili nyepesi kama chai ya rangi, nikamwambia, "Shemeji, haya si maji?" akanijibu, "Hii inataka ulaini, wewe usiiguse," nikaudhika, mtu wa heshima yangu kuambiwa usiguse, na madereva wa malori pale wakacheka, wakasema dawa yake ni oili ya giaboksi.

Jumapili moja ya Julai, umande umeganda kwenye majani, nikampakia Telesia twende kanisani, tukakanyaga jiwe dogo tu, shokapu hazikubonyea, ngumu kama nguzo, usukani ukavuta kushoto, mama wa watu akaanguka akavunjika mkono. Hospitali akaniuliza, "Baba Irine, imekuwaje?" nikamjibu, "Muulize kaka yako." Tangu hapo Telesia hazungumzi na kaka yake. Severini alikuja na maharage kumpa pole, akaambiwa, "Rudi nayo, wateja wanakusubiri ukawavunje." Na wateja wamempungukia kweli, maana habari niliisimulia sokoni na kanisani. Novemba binti yetu Irine anapata kipaimara, na Telesia kaapa mjomba wa mtoto hatakanyaga hapa.

Nifanye nini shokapu zilainike, maana kwa Severini siwezi kwenda tena? Halafu kuna kitu kidogo tu: oili ya Severini niliimwaga, ya giaboksi nikaweka mimi, nikapima kwa kikombe cha chai, upande mmoja kikombe kizima, wa pili nusu, maana iliniishia.

Anko Lameki, Njombe

*

Kaka Lameki,

Pole nampa mkeo. Hicho unachokiita kitu kidogo ndiyo barua yako yote.

Oili ya giaboksi kwenye baridi ya Njombe inaganda kama uji uliolala, shokapu zitabonyea vipi? Tena pande mbili hazilingani! Na pikipiki ya kupanda mawe nani alikuambia ni ya kubeba mke?

Mwaga yote, safisha ndani, weka oili nyepesi ya shokapu, ileile uliyoiita maji. Springi zikiwa nje na shokapu imekandamizwa mpaka chini, pima kwa rula kutoka mdomoni mwa shokapu hadi ilipo oili, pande zote sawasawa. Kagua sili zinazozuia oili isivuje, na uhakikishe mabomba ya shokapu hayakupinda siku ile ya ajali.

Lakini spana usishike leo. Leo mwambie Telesia ukweli, wewe mwenyewe, kabla hajausoma hapa gazetini. Kesho panda basi uende Makambako ukamwombe radhi Severini mbele ya wateja wake. Atakutukana, na wewe nyamaza. Jumapili simama kanisani useme, kisha nenda sokoni, kwa sababu uongo uliufikisha kote huko.

Na Novemba, Telesia akitaka kaka yake akae mbele na Irine, wewe ukae nyuma na wageni, kaa.

Dada Esteria