Boti ya Kwanza

Elieshi, uko? Weka jembe chini usome.

Wale maafande wa Visiwa vya Shungi wamekuja hapa Malindi yetu ya milimani kuwapanga vijana wetu waliojiandikisha kuwa askari wa majini kwao. Vijana wasioijua bahari hata kwa harufu! Boti moja askari kumi na wawili, majina yakabandikwa ukutani.

Abubakari akaona wanawe wote wawili wako boti ya kwanza. Unaijua nyumba ile. Babu zao watatu walibebeshwa mizigo ya Wajerumani msafara mmoja, hakurudi hata mmoja. Tangu hapo ndugu hawapandi gari moja.

Akasimama. "Afande, nitenganishie wanangu. Maji yakichukua, yaniachie mmoja."

Afande akacheka. "Hilo dogo, mzee." Kimyakimya akafuta jina la Rashidi, mmoja wa wale wawili, akaliandika boti ya pili. Nafasi yake akamweka Kibwana, aliyekuwa boti ya pili.

Kibwana, mwana wa Mwajuma! Mdogo wake yumo boti ya kwanza, Elieshi. Yumo tayari!

Abubakari aliona. Nilimtazama usoni, aliona. Akakaa.

Mwajuma hajui kusoma, orodha alisomewa asubuhi. Akaja kumshika mkono: "Ahsante kaka, umetusemea wazazi wote. Wangu mimi, namshukuru Mungu, wako boti mbalimbali."

Na mimi, mpiga kelele wa kila mkutano, nikaangalia viatu vyangu.

Lori la kuwachukua vijana linaondoka saa kumi. Mwajuma kapita hapa sasa hivi na kikapu cha mapeasi, anampelekea Abubakari shukrani. Kanisalimia.

Nimeitikia.