Korongo Walionifundisha Kucheza

Shinyanga, Jumamosi jioni, Julai 1934

Upepo wa leo umejaa vumbi, sauti imekauka kwa kuimba na miguu imevimba. Furaha niliyo nayo haina kipimo!

Watu huja mjini kununua kaniki na chumvi. Mimi na kikundi changu tulikuja siku kadhaa kabla ya mashindano ya ngoma, na kila alfajiri nikawa nakwenda kutazama ndege. Masanja, mpiga ngoma wetu, alidhani nimerukwa na akili.

"Baba Kabula, wenzako wanafanya mazoezi, wewe unachunga kunguru?"

Nilikuwa nimekata tamaa. Mwaka juzi tulishindwa, mwaka jana tukashindwa. Kwetu hakuna mwamuzi: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wakihamia kwa wenzenu, basi tena. Vijana wangu walishanionya kwamba tukishindwa safari hii watatafuta kiongozi mwingine.

Nilikuwa nashuka bondeni, ng'ambo ya reli. Mwanzoni niliona yangeyange tu, wamejipanga migongoni mwa ng'ombe. Jana nikawakuta korongo wawili, wale wenye taji la manjano kichwani. Mmoja akainamisha kichwa, akafungua mabawa, akaruka miguu ikining'inia, akatua taratibu. Halafu akatulia tuli.

Kule kutulia ndiko kulikoniteka. Sisi hurukaruka mpaka jasho linatuingia machoni, hatupumziki hata kidogo. Nikamwiga palepale kwenye matope, mtu mzima na ndevu zangu. Jioni nikawafundisha vijana nyuma ya maduka. Walicheka, lakini walijifunza.

Leo wapinzani wameingia uwanjani na chatu shingoni. Watu wote wakawakimbilia. Sisi tukabaki na mbwa wawili.

Nikamwambia Masanja anyamazishe ngoma. Nikainama, nikafungua mikono, nikaruka, nikatua, nikatulia. Vijana wakafuata. Shingo zikaanza kugeuka upande wetu. Akaja mmoja, wakaja kumi, halafu sikuona tena watu, niliona vumbi.

Katika vumbi hilo akatokea mama mkwe wangu.

Ukoo wake wote ni wa kikundi cha wapinzani. Tena kwetu mwanamume hachezi mbele ya mama mkwe wake. Akitokea, unaacha na kumpisha. Nikashusha mikono. Nyuma yangu vijana nao wakasimama, na watu wakaanza kutupia macho kule kwenye chatu.

Mama aliona nimekwama. Alijitanda kaniki yake, akanigeuzia mgongo ili asinione, akaketi chini palepale, upande wetu.

Niliruka!

"Wabeja! Wabeja!" uwanja mzima ulipiga kelele za kutupongeza. Wapinzani walibaki na chatu wao.

Tumeshinda. Vijana wamenibeba mabegani mpaka stesheni, na Masanja anaimba hadi sasa. Mimi nimekaa hapa najiuliza jambo moja: nitamshukuru vipi mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama usoni?